Mchimba Makaburi na Kitambaa Kilichokataa Kuwa Mraba

Saa moja na robo asubuhi, jua halijaamua kama litatoka, Ejgil Toftgaard anapigilia kigingi cha nne kwa nyundo ya mbao. Anafunga uzi mwekundu wa waashi kutoka kigingi hadi kigingi, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja. Kisha anainama na kusukuma kigingi kimoja kwa kidole gumba, upana wa punje ya shayiri.

"Sasa," anasema.

Hamwambii mtu, maana hakuna mtu. Makaburi ya usharika wa Nørre Lemvad yametulia, na upepo wa magharibi unapita juu ya ua uliokatwa sawasawa kama mkate uliotoka kwenye kopo la kuokea. Ejgil anapanda katapila lake dogo la njano, lakini haliwashi. Anafungua kisanduku cha chakula. Ndani, juu ya vipande viwili vya mkate mweusi wenye maini ya kusaga, limekaa donge la uzi mweupe, mnene kama kidole cha mtoto, na sindano ya kroshia iliyo nene kuliko penseli ya seremala.

Ana nusu saa kabla ya kuchimba. Leo ni Alhamisi. Zimebaki safu tisa, na ubatizo ni Jumapili.

Ejgil ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa mchimba makaburi wa usharika huu wa Jutland ya magharibi. Anachimba, anafukia, anapalilia, na kila Jumamosi anakwangua changarawe kwa reki mpaka mistari inakwenda sambamba toka langoni hadi ukutani. Watu wazima wenye mvi hupita pembeni kwa vidole vya miguu wasije wakaikanyaga.

Zamani alichimba makaburi arobaini kwa mwaka. Siku hizi wengi wanachagua kuchomwa, na mwaka jana majeneza yalikuwa kumi na manne tu. "Kwa hiyo muda wa kufuma upo," anasema. Uso wake haubadiliki. Ejgil ukitaka kujua kilicho moyoni mwake unatazama masikio. Yakiwa mekundu, kuna jambo.

Jambo lenyewe ni kitambaa. Mtoto akibatizwa hapa, mchungaji humkausha kichwa kwa kitambaa kidogo kilichofumwa kwa mkono, na mtoto huondoka nacho kiwe chake maisha yote. Asiye nacho hupewa kimoja kutoka kwenye kikapu cha akina mama wa usharika. Familia ya Toftgaard haijawahi kugusa kikapu hicho. Gerda, mke wa Ejgil, aliwafumia wajukuu watano, kila mmoja cha kwake, kwa uzi mwembamba kama utando wa buibui.

Oktoba ya mwaka juzi Bwana alimwita Gerda. Januari hii Dorthe, binti yao wa mwisho, akajifungua mjukuu wa sita.

Dorthe alipiga simu kupanga tarehe na keki. Mwishoni akasema, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, kwamba kuhusu kitambaa wasihangaike, watachukua cha kikapuni, vyote ni vizuri. Ejgil alikuwa amesimama jikoni.

"Kitapatikana," akajibu.

"Neno lilitoka lenyewe," anaeleza. "Nilikuwa na maana gani, sijui. Viazi vilikuwa vinaungua."

Ukweli ni kwamba mpaka siku hiyo Ejgil na vitu vya kufuma walikuwa hawaelewani. Mwezi wa kwanza wa ujane wake alikichukua kile kitambaa cha duara cha Gerda, kilichokaa chini ya taa ya dirishani miaka thelathini, akakitia kwenye mashine pamoja na suruali yake ya kazi ya kijani, moto wa nyuzi tisini. Kilitoka na rangi ya suruali, kimejikunja kama kabichi. Tangu hapo taa imekaa juu ya ubao mtupu.

Akina mama wa usharika hukutana Alhamisi saa nane mchana katika chumba cha kipaimara. Anayeongoza ni Ketty Bjerregaard, mwenye miaka themanini na minne, aliyefundisha kazi za mikono shule ya msingi ya hapo hapo. Enzi hizo wavulana walikwenda useremala na wasichana kwa Ketty. Ila mwalimu wa useremala aliwahi kuvunjika mguu, na Ejgil, akiwa na miaka kumi, akaletwa kwa Ketty pamoja na wavulana wenzake. Alidumu siku tatu. Siku ya tatu alishona mfuko wa viatu pamoja na suruali aliyokuwa ameivaa, na Ketty akamtoa nje akafagie uwanja.

Miaka hamsini na mitatu ikapita. Februari mwaka huu mlango wa chumba cha kipaimara ukafunguliwa, akaingia Ejgil na kofia mkononi. Ketty akamtazama juu ya miwani.

"Umemaliza kufagia?"

"Nimemaliza, Mwalimu."

Akaonyeshwa kiti. Alikuja na sindano ya marehemu mke wake, nyembamba, ya mfupa, ambayo Gerda naye alirithi. Ketty alimwekea uzi kidoleni, akamwonyesha jinsi ya kushika. Kahawa ilikuwa bado haijamiminwa sindano ilipokatika vipande viwili.

Akina mama waliinamia kazi zao. Hata Tove Kjærgaard, mama wa birika la kahawa, ambaye huwa ana neno kwa kila tukio, alitazama ndani ya birika. Ketty aliokota vipande vyote viwili, akavifunga kwenye leso yake na kumtilia Ejgil mfukoni. Halafu akaenda kwenye droo ya chini kabisa, akarudi na donge la uzi wa kijivu, mnene wa ajabu, na sindano ya mti.

"Mikono yako imezoea koleo," alimwambia. "Tutaanzia na huu. Kila kosa lako utaliona, na sisi wote tutaliona."

Somo la kwanza lilikuwa mnyororo. Unafunga kitanzi, unaingiza sindano, unakamata uzi kwa ndoano, unauvuta upite kwenye kitanzi, na hapo umepata kitanzi kingine. Kisha kingine. Ketty akamwambia aende nyumbani akafanye mazoezi ya mnyororo.

Alhamisi iliyofuata Ejgil alirudi na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na mnyororo wenye urefu wa mita kumi na moja na sentimita arobaini. Alikuwa ameupima.

"Mwalimu hakusema niishie wapi," anasema. Bado anaona hana kosa.

Mnyororo ulikuwa umekazwa hivi kwamba ukiushika ncha moja, nusu mita ya kwanza ilisimama yenyewe. Tove aliuzungusha mkononi, akauliza wenzake kama kuna mwenye trekta iliyokwama. Mmoja alikuwa nayo. Ketty akamsihi Ejgil alegeze mkono, uzi haukimbii. Ejgil akamjibu kwa heshima zote kwamba kwenye kazi yake kitu kikilegea kinaporomoka, na kuna watu chini.

Somo la pili ndilo lililomvunja nguvu. Sasa alitakiwa kufuma safu: vitanzi ishirini kwenda, unageuza, vitanzi ishirini kurudi. Huyu ni mtu anayeona kigingi kilichopinda kwa upana wa punje. Alianza na vitanzi ishirini. Safu ya tisa vilikuwa kumi na viwili. Safu ya kumi na saba, vinne. Hakuona chochote mpaka alipokiweka kitambaa mezani, akatoa futi yake ya kukunja, akapima upande wa chini, akapima wa juu, akapima tena wa chini.

Kilikuwa pembetatu.

"Uzi huu mbovu," alisema.

Tove alikichukua akakigeuza huku na huku. "Si kibaya," alisema kwa upole. "Kitamkausha mtoto sikio moja. La pili atalikausha akikua."

Ketty akamweleza. Kitanzi cha mwisho cha kila safu hujibana pembeni, hakionekani, na anayejifunza hukiruka akageuza. Kila safu kinapotea kimoja. Dawa yake ni kuhesabu. Na kilichokwisha kukosewa kinafumuliwa.

"Mwalimu," Ejgil akasema, "kazini kwangu tukishafukia, hatufukui."

"Hapa tunafukua. Vuta."

Akavuta. Ya pili ikawa pembetatu, ndogo zaidi. Ya tatu, kwa kuogopa kupunguza, aliongeza vitanzi kila upande, ikapanuka kwenda juu kama ndoo. Wiki zikawa zinakatika, na Dorthe alikuwa amekwisha kuagiza keki.

Hapo ndipo Tove, bila kutania, alipomletea mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe chembamba, cha mraba, alichokifuma kwa jioni mbili mbele ya televisheni. "Ikibidi," alimwambia. Ejgil akashukuru, akaenda kuutundika kwenye msumari katika banda la vifaa, kati ya reki na mkasi wa ua. Kila alipoingia kuchukua koleo, mfuko ulimtazama.

"Kilikuwa kizuri kuliko chochote ningeweza kufanya," anasema. "Hilo ndilo lililokuwa baya."

Alinunua uzi wake mwenyewe, wa pamba, mweupe, madonge manne kwa kroner thelathini na tisa kila moja. Muuzaji alimwuliza kama anafuma zulia la bafuni. Tangu siku hiyo akawa anafuma kila kazi ilipompa nafasi: kwenye katapila, bandani, na siku moja, kwa bahati mbaya, kando ya kaburi la Verner Lauridsen.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na saba kabla ya ubatizo. Kaburi lilikuwa tayari tangu jana yake, kuta zimefunikwa matawi ya msonobari kama desturi. Watu walikuwa kanisani, kwenye wimbo wa tatu, na ibada ina nyimbo nne. Ejgil, amevaa koti jeusi la mazishi, akaketi kwenye benchi kusubiri, akatoa donge. Safu moja tu, alijiambia.

Donge likateleza magotini. Likaanza kubingirika kwenye njia ya changarawe ambayo yeye mwenyewe aliisawazisha, ikawa sawa kiasi kwamba donge halikuyumba kushoto wala kulia. Likafika ukingoni. Likaingia.

Ejgil alichukua ngazi, akashuka. Uzi ulikuwa umezunguka matawi ya msonobari mara nne. Akiwa bado anaufungua, kengele ikaanza kulia.

Kwa hiyo waombolezaji wa Verner Lauridsen, wakiongozwa na Mchungaji Lisbet, walipofika kaburini, walikuta kichwa cha mchimba makaburi kikichomoza polepole kutoka chini, kikifuatiwa na mabega, na chini ya kwapa donge la uzi lenye udongo. Mchungaji alisimama. Wabeba jeneza wakasimama. Nyuma kabisa mtu mmoja akakohoa.

Mjane, Agnete Lauridsen, alisogea mbele. Kwa huzuni aliyokuwa nayo angeweza kusema lolote na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ni kitambaa cha mtoto wa Dorthe?" aliuliza.

"Ndiyo, Agnete. Nisamehe."

"Toka basi. Verner atakusubiri." Akamwangalia akipanda kipago cha mwisho cha ngazi. "Angecheka leo. Na unajua hakuwa mtu wa kucheka."

Kwenye kahawa ya baada ya mazishi Agnete alihadithia kisa hicho mara tatu, na walioshuhudia wanasema ndiyo mara ya kwanza alikula tangu mumewe afariki. Ejgil yeye alikwenda nyumbani akalifua donge kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu, maana amekwisha kujifunza. Udongo ulitoka isipokuwa kwenye kipande cha kutosha safu moja, kilichobaki na rangi ya maji ya mvua.

Usiku huo aliamua kuchukua mfuko wa Tove na kunyamaza. Asubuhi akaenda kazini amekwisha kujisalimisha.

Kulikuwa na kaburi la kupima. Akapigilia kigingi cha kwanza, akapigilia cha pili, akafunga uzi mwekundu. Na hapo, anasema, akabaki ameinama na nyundo juu kwa muda mrefu hivi kwamba mama aliyekuwa anamwagilia maua ng'ambo alikuja kumwuliza kama mgongo umekamata.

Haukuwa mgongo. Alitoa kisu, akakata ule uzi mwekundu vipande vidogo vidogo, akaenda kukaa kwenye katapila. Alifuma kitanzi cha kwanza cha safu, akafunga humo kipande chekundu. Alipofika cha ishirini, akafunga kingine. Akageuza. Safari hii kitanzi cha mwisho hakikuweza kujificha, kilikuwa kimevaa nyekundu. Safu ikaanzia kwenye kigingi na kuishia kwenye kigingi.

Alhamisi iliyofuata aliweka kipande chake mezani: safu sita nyeupe, ya nne ina kijivu kidogo cha ule udongo, na pande zote mbili zina vinyuzi vyekundu vimesimama kama kiwanja kilichopimwa. Ketty alivua miwani, akavaa nyingine. Akahesabu kwa sauti. Ishirini. Ishirini. Ishirini.

"Nilimwambia tangu mwanzo ahesabu," aliwaambia wengine. "Hakuniambia kwamba anahesabu kwa macho."

"Mimi sianzi kuchimba bila vigingi," Ejgil alisema. "Sijui kwa nini nilidhani hapa naweza."

Kwa hiyo Alhamisi hii, baada ya kaburi la asubuhi, anaingia chumba cha kipaimara na safu nne zilizobaki, na saa tisa na dakika ishirini anakaza kitanzi cha mwisho cha safu ya ishirini na nne. Tove anasimama na birika mkononi, hamimini. Ketty anamfundisha kuficha ncha ya uzi, kisha anamwambia ang'oe vigingi. Safu ishirini na nne, pande mbili: arobaini na nane. Ejgil anaving'oa kimoja kimoja na kuvipanga mezani kumi kumi. Vinapatikana arobaini na saba.

Anahesabu tena. Anaingia chini ya meza kukitafuta cha arobaini na nane kati ya viatu vya akina mama tisa, na Tove anamwomba awe na adabu huko chini, yeye ni mjane. Hakipatikani. Wanakubaliana kwamba kimekwenda na ufagio.

Jumapili, saa nne na nusu, kanisa limejaa kuliko kawaida. Habari zimetembea. Agnete Lauridsen amekaa benchi la tatu. Mchungaji Lisbet anamtaja mtoto jina, Johanne, anammwagia maji mara tatu kichwani, na Johanne anapiga kelele inayofika kwenye mabomba ya kinanda. Ejgil amesimama karibu na beseni la ubatizo, masikio kama taa za breki.

Mchungaji anachukua kitambaa. Vile vya Gerda hukaa utosini kama theluji. Hiki kinamfunika mtoto kichwa, paji la uso, macho na pua mpaka kidevuni.

Kelele inakatika ghafla.

Kanisa zima linangoja. Mchungaji anainua pembe moja taratibu, kama anayechungulia mkate kwenye tanuri. Johanne yumo, mkavu kabisa, anamtazama mchungaji bila kupepesa. Kitambaa kimekunywa maji yote.

Ndipo Dorthe anapoona kitu kwenye ukingo, pembeni, ndani ya safu ya kijivu. "Baba," ananong'ona, "kuna uzi mwekundu hapa."

Ejgil mkono wake unakwenda mfukoni, anachomoa kisu chake cha kukunja, hapo hapo mbele ya madhabahu. Dorthe anamshika kiganja.

"Uache. Vya mama havina."

Masikio hayaelezeki tena.

Nje, barazani mwa kanisa, Ketty anaomba kukiona. Anakikunja kwa mshazari, pembe kwa pembe, anazilinganisha kwa kucha. Anakifungua, anakikunja upande wa pili.

"Si kibaya," anasema.

Tove alisema maneno hayo hayo juu ya pembetatu, lakini kutoka kwa Ketty yana uzito mwingine. Kuna wanawake waliomfumia Ketty miaka ishirini na hawajayapata. Ejgil anainamisha kichwa, anavaa kofia, anaivua. Kisha anatoa kwenye koti mfuko wa karatasi uliokaa kwenye msumari, anamwonyesha Tove, na wote wawili wanakwenda kukiweka kitambaa chembamba kwenye kikapu, kimsubiri mtoto ambaye babu yake ana busara zaidi.

Jumatatu asubuhi yuko kwenye katapila tena. Kwenye kisanduku cha chakula kuna donge jipya la uzi mnene na, ndani ya leso ya Ketty, sindano ya mfupa ikiwa nzima, imezungushwa gundi. Hiyo ni ya baadaye, anasema, uzi mwembamba utakapomkubali. Kwanza kuna kazi nyingine. Taa ya dirishani ameishusha sakafuni, ameufuta ubao, amepima mahali: sentimita thelathini na mbili, kwenda pande zote. Ketty amemwambia aje Alhamisi, saa nane, na kwamba duara linaanzia katikati.

Ejgil anatazama makaburi yake, mistari yake, pembe zake.

"Miaka thelathini na mmoja sijachimba kitu cha duara," anasema. "Sijui vigingi vinakaa wapi."